Bega la Kushoto

Wewe uliyenipigia simu Jumatatu ukaniita mchokozi, eti kwa nini nimeikata hadithi pale pale wakili alipoingiza mkono kwenye mkoba, haya, shusha pumzi. Mkono umetoka. Umetoka na karatasi.

Na wewe unayeanza kusoma leo, sogea nikupe kwa ufupi. Kuna msichana mtunzi wa programu za simu, aitwaye Machachari tangu utotoni kwa sababu hajawahi kukaa mahali akatulia. Alitengeneza programu ya mafundi cherehani, akaiita Mkato. Fundi anaingiza vipimo vya mteja, simu inamchorea vipande vyote vya nguo na kumwonyesha namna ya kuvipanga kitambaani ili pasipotee hata kipande kidogo. Aliitoa bure, mistari yote ya maandishi yanayoiendesha ikiwa hadharani, kwa leseni yenye masharti mawili tu. Ukiitumia, liache jina la mwenye haki lilipo. Ukiibadilisha, mabadiliko yako nayo yaweke hadharani.

Ikaja kampuni. Ikaichukua, ikafuta jina, ikaifungia ndani na kuanza kuiuza kwa viwanda vya sare. Kisha, oneni uso mkavu wa watu hawa, ikaenda ofisi ya hakimiliki kumshtaki Machachari kwamba yeye ndiye mwizi!

Leo ni kikao cha tatu cha usuluhishi. Mezani kuna shati la shule, jeupe, jipya, limeshonwa kwa programu ya kampuni. Bega lake la kushoto limeshuka upana wa kidole kimoja. Kiwanda kimeshona mashati elfu mbili, yote yameshuka bega hilo hilo, na wanafunzi elfu mbili wanatembea kama waliobeba ndoo upande mmoja.

Ukitaka kujua sababu, mtazame mama yake Machachari alivyokaa pale. Mama Fundi ana miaka thelathini na nne kwenye cherehani, na bega lake la kushoto limeshuka kwa kusukuma kitambaa. Alipokuwa anaijaribu programu kwa mara ya kwanza, Machachari alimpima mama yake, akaweka namba ya kurekebisha lile bega, akasahau kuiondoa. Kosa la mtoto aliyezoea kumtazama mama yake akaona ndivyo watu walivyo! Kampuni ilipoiba, iliiba na bega; yeye alikuja kuliona baadaye, akalisahihisha kwenye Mkato, wao wakabaki nalo.

Ndiyo maana kampuni, iliyokuwa imeapa vikao viwili kwamba wahandisi wake waliandika wenyewe kuanzia mstari wa kwanza, ilipigwa na butwaa shati lilipowekwa mezani. Ndipo wakili akaingiza mkono kwenye mkoba.

"Mheshimiwa," alisema sasa, akiilaza karatasi mezani kwa vidole viwili, "huu ni mkataba wa kuhamisha haki. Haki zote za programu iitwayo Mkato ni za mteja wangu tangu mwaka jana. Na umesainiwa na mwenye haki mwenyewe."

"Mwenye haki ni mimi!" Machachari akadakia. "Na mimi sijakusainia hata bahasha."

"Sikusema wewe, dada. Nimesema mwenye haki." Akafunua ukurasa wa pili. "Hii ndiyo leseni yako, nimeichapa kama ilivyo. Soma mstari wa kwanza. Ni maneno yako mwenyewe."

Machachari hakuhitaji kusoma. Alijua yaliyoandikwa pale, na damu ikamchemka kabla macho hayajafika.

*Hakimiliki ya kazi hii ni ya mama yangu mzazi, fundi wa nguo. Yeye ndiye mwenyewe.* Na chini yake jina la mama, majina matatu kamili.

Aliandika mstari ule asubuhi aliyoitoa programu, moyo umemjaa. Watoto wengine wakifanikiwa humnunulia mama viatu. Yeye alimpa hakimiliki. Alifikiri ni zawadi kubwa kuliko viatu, na labda ilikuwa kweli, ila hakumwambia mama yake. Alikuwa anasubiri siku nzuri ya kumwambia, na siku nzuri zikawa zinapita.

Chumba kizima kikamgeukia Mama Fundi. Alikuwa amekaa wima, mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba.

Msuluhishi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo na subira ndogo zaidi, akamsogezea karatasi. "Mama, saini hii ni yako?"

Mama Fundi akavaa miwani. Akatazama.

"Yangu."

Ng'ambo ya meza, mkurugenzi wa kampuni akatabasamu. Mtu huyu wafanyakazi wake wenyewe wanamwita Tabasamu. Akikuajiri anatabasamu, akikufukuza anatabasamu, na tangu kikao cha kwanza hajayafunga meno yake. Machachari alitamani kumrushia lile shati usoni.

"Ngojeni!" akasimama. "Vikao viwili mmekula kiapo kwamba mliandika wenyewe. Sasa kama mliandika wenyewe, kwa mama yangu mlikwenda kununua nini?"

Wakili akazigeukia karatasi zake.

"Swali zuri," alisema msuluhishi, na akaandika kitu. "Uongo wa kiapo nitaushughulikia, wakili, usidhani nimesahau. Lakini saini ni saini. Sasa ni saa nne na nusu. Saa sita kamili nataka jibu la upande wa pili. Nisipolipata, naandika amri, na Mkato inaondolewa kwenye simu zote leo leo."

Simu zote! Mafundi elfu tatu wanaitumia programu ile. Kuna wajane wanaoshonea sebuleni, kuna vijana wenye cherehani moja chini ya ngazi, watu ambao bila Mkato wanarudi kukata kwa kukisia na kuharibu kitambaa cha mteja. Jioni hii wangewasha simu zao wakute hakuna kitu. Na kesho yake Tabasamu angewauzia ile ile yenye bega lililoshuka.

Machachari alitoka nje bila kumngoja mama yake.

* * *

Kwenye ujia kulikuwa na benchi la mbao, chombo cha maji kilichokauka na tangazo la kukataza kuongea kwa sauti. Tangazo lile siku hiyo lilifanya kazi bure.

"Ulisaini lini?"

"Usinifokee. Mimi si mwenzio."

"Mama, nakuuliza, ulisaini lini?"

"Siku walipoleta cherehani."

Machachari akajishika kichwa. Anazikumbuka cherehani zile. Kumi, mpya, ndani ya maboksi, msaada kwa kikundi cha mafundi wanawake ambacho mama yake ni mwenyekiti. Siku ile yeye mwenyewe alisaidia kufungua maboksi. Alipiga hata picha!

"Kijana alikuja na heshima zake," Mama Fundi alisema. "Akaniambia, mama, saini hapa tuonyeshe kwamba mzigo umefika. Karatasi tatu. Nikaona jina langu limechapwa, majina yote matatu. Hata nikafurahi. Ni miaka mingapi mtu hajaniandika majina matatu? Nikasaini."

"Bila kuuliza inasema nini?"

"Niulize nini? Mzigo umefika kweli, si huo hapo?"

"Wamekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, Mama, na wewe ukakaa unapakwa! Miaka mitatu ya kazi yangu! Macho yangu! Umewapa kwa cherehani kumi!"

Mama Fundi akasimama. Alikuwa mfupi kuliko binti yake kwa kichwa kizima, na kwa namna fulani Machachari akarudi nyuma hatua moja.

"Na wewe uliniuliza?"

"Nikuulize nini?"

"Umeniandika mwenye mali mbele ya dunia nzima, mimi mwenyewe sijui. Wale wanajua, mimi sijui! Walisoma, wakaona kumbe mwenyewe ni yule mama pale, asiyeelewa kitu, wakaja mbio. Wewe ndiye uliyewaelekeza kwangu. Ningejua nina kitu ningefunga mlango. Zawadi gani hiyo, unampa mtu halafu unamficha?"

Hasira ya Machachari ilikuwa imejiandaa kwa kampuni, kwa wakili, kwa kijana mwenye heshima zake. Haikuwa imejiandaa kwa hili, maana hili lilikuwa kweli.

Akakaa kwenye benchi. Akashika tama. Kisha, kama kawaida yake, hakuweza kukaa. Akasimama tena.

"Mama, kuna njia."

"Sema."

"Sheria inasema mwenye haki ni aliyetunga. Kuandika jina la mtu mwingine pale juu hakuhamishi kitu, mpaka wewe na mimi tuwe tumesainiana. Hatujasainiana. Kwa hiyo nikisimama nikasema..." akashusha sauti. "Nikisema ule mstari ulikuwa maneno tu ya mapenzi, kwamba wewe hukuwahi kuwa na haki yoyote, basi hukuwa na kitu cha kuwauzia. Mkataba wao unakuwa karatasi ya kufungia vitumbua."

Mama Fundi akaukaza mkoba wake kwapani.

"Kwa hiyo utasimama mbele ya wale watu useme mama yako humo hana chake."

"Ni kisheria tu, Mama."

"Kisheria." Akalirudia neno kama mtu aliyeonja chumvi kwenye chai. "Nani alikwambia kwapa linaanzia wapi?"

"Mama..."

"Nakuuliza! Nani alikwambia mtu mnene hapimwi tumbo akiwa amevuta pumzi? Nani alikukalisha chini akakukatia karatasi ya mfuko wa saruji mara kumi na moja mpaka ukaelewa mkono unavyoingia begani? Wewe hujui kushona hata kifungo! Ulikuwa unauliza, mimi nasema, wewe unabonyeza. Nasema, unabonyeza. Leo mimi humo hamna changu?"

Na hapo ndipo Machachari alipotulia kabisa, kwa mara ya kwanza katika hadithi hii.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini?"

"Nilikuwa nauliza, wewe unasema, mimi nabonyeza." Tayari ameshafungua laptopu juu ya benchi, vidole vinakimbia. "Mama, wewe ni jiniasi. Njoo uone."

Watu wa programu wana tabia moja. Kila wanapobadilisha kitu, huandika sentensi fupi ya kueleza wamebadilisha nini na kwa sababu gani. Kompyuta inaihifadhi pamoja na tarehe na saa, nayo inabaki huko kwa miaka, na mtu akijaribu kuichezea inaonekana. Wengi huandika maneno makavu. Machachari aliandika alivyoishi.

Akashuka ngazi mbili mbili hadi kwa katibu muhtasi wa ghorofa ya chini, akambembeleza amchapie sentensi zile, akamsifu nywele, akarudi na kurasa thelathini na moja zikiwa bado za moto. Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne.

* * *

"Jibu," alisema msuluhishi.

"Jibu langu ni hili, mheshimiwa. Mama yangu ni mwenye haki. Wakili amesema kweli." Wakili akainua kichwa, akashangaa kusaidiwa. "Lakini si peke yake. Kazi hii ina watunzi wawili, na mmoja hawezi kuiuza bila mwenzake. Naomba usome, popote utakapofungua."

Msuluhishi akafungua katikati. Akasoma kimya, kisha uso wake ukabadilika, akaanza kusoma kwa sauti.

"'Mama kasema mgongo uwe mpana kuliko kifua, watu huinama kazini.' 'Mama kasema kola ishuke kidogo, mtu lazima ameze mate.' 'Mama kasema sina akili, kwapa si mfuko. Nimepunguza.'" Akafunua. "'Mama kakataa mkono mzima. Naanza upya.' 'Mama kakataa tena.' 'Mama kasema nikale kwanza.'"

Akafunua tena.

"'Mama kasema sasa mtu anaweza kuvaa.'"

Mama Fundi alikuwa amevua miwani. "Uliyaandika yote hayo?" alimnong'oneza binti yake.

"Yote, Mama. Mara mia nne na kumi na mbili."

Mama Fundi akaishika mikono ya mkoba wake kwa nguvu. Alikuwa bado amekasirika, lakini sasa alikuwa pia analia, na vyote viwili alivifanya kimya kimya.

Wakili alirukia hapo. "Mheshimiwa, huo ni ushauri! Mshauri si mtunzi. Mimi nikimwambia mpishi aongeze chumvi, chakula hakiwi changu."

"Wewe ungesema chumvi tu," Machachari akajibu. "Mama yangu ametaja kila kitu kilichoingia chunguni, kiasi gani na lini! Kila kipimo kwenye programu ile kilitoka mdomoni mwake. Mimi niliandika mistari, yeye alitunga mkato. Mkiondoa kimoja hakuna programu."

Msuluhishi akainua kalamu, wote wakanyamaza.

"Nimesikia. Ninaona watunzi wawili. Saini ya mmoja haiuzi kazi ya wawili. Mkataba huu," akaisukuma karatasi ya kampuni kwa ncha ya kalamu, "hauna nguvu."

Machachari akapiga meza kwa kiganja, shati likaruka. "Umesikia, bwana mkubwa? Hauna nguvu! Rudisha jina ulilofuta. Fungua mistari uliyofungia. Na nenda kawaombe radhi wale watoto wa shule!"

Ndugu msomaji, hapa ningekuwa mtu mwema ningemalizia hadithi, tukalala kwa amani. Lakini mtazame Tabasamu. Mtu amepigwa mweleka mbele ya wakili wake, na bado anatabasamu. Hilo halikukusumbua? Machachari lilimsumbua.

"Imebaki kitu kimoja," alisema msuluhishi, akitoa fomu mbili. "Kila mtunzi asaini tamko. Nikishazipokea, naandika amri dhidi ya kampuni."

Machachari akasaini bila hata kukaa. Akampa mama yake kalamu.

Mama Fundi akaishika kalamu. Akaishusha.

"Inasemaje?"

"Tamko tu, Mama. Saini."

"Ile nyingine nayo niliambiwa ya mzigo tu." Akamgeukia msuluhishi. "Mheshimiwa, nisomee. Neno kwa neno."

Msuluhishi akasoma. "'Mimi niliyetajwa hapo juu natamka kwa kiapo kwamba sehemu yangu ya kazi hii nimeitunga mwenyewe, kwa akili yangu, na sikuichukua kwa mtu mwingine yeyote.'"

Mama Fundi aliitazama fomu kwa muda mrefu kiasi kwamba wakili alianza kukusanya vitu vyake, kisha akaacha.

"Rudia hapo mwisho."

"'Sikuichukua kwa mtu mwingine yeyote.'"

Mama Fundi akaweka kalamu mezani.

"Hapo siwezi kusaini."

"Mama!" Machachari akamsogezea fomu karibu zaidi. "Mama, unafanya nini?"

"Nimesaini uongo mara moja bila kujua. Huu nitakuwa nasaini najua." Akaisukuma fomu mbali naye. "Mkato ule sikuutunga mimi. Niliukuta. Niliuchukua nyumbani, kwenye karatasi, siku niliyoondoka. Karatasi zote. Sikumwachia hata moja."

"Hukumwachia nani?"

Aliyejibu alikuwa ng'ambo ya meza.

Tabasamu alikuwa amesimama. Na kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, meno yake hayakuonekana. Bila lile tabasamu alikuwa mtu mwingine kabisa, mtu aliyechoka, mwenye macho yaliyokaribiana na kidevu kifupi, na Machachari akashtuka kwamba uso ule ameshauona mahali, ila hakukumbuka ni wapi.

Vikao vitatu mtu huyu hakuwahi kumwamkia Mama Fundi, mwanamke wa umri wa kumzaa. Machachari alikuwa ameuona utovu ule wa adabu, akauongeza kwenye orodha ya makosa yake.

Sasa akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama mdogo."

Mama Fundi akainuka kidogo kwenye kiti.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama mdogo?" Machachari aliwatazama wote wawili. "Mama mdogo wa nani? Mama hana ndugu! Mama, si umezaliwa peke yako? Si ndivyo ulivyoniambia maisha yangu yote?"

"Nilikwambia hivyo," alisema mama yake.

Basi hesabu mwenyewe, msomaji. Mtoto wa dada wa mama yako ni nani kwako? Mwizi wa Mkato, yule aliyefuta jina, yule Machachari aliyemlaani asubuhi na jioni kwa miezi sita, alikuwa kaka yake.

Undugu haukumpoza. Ulimwongezea moto.

"Ulijua!" akamnyooshea kidole. "Ulijua yeye ni nani ulipomtuma yule kijana wako na karatasi! Ulimdanganya mama yako mdogo kwa cherehani!"

"Nilijua." Tabasamu hakupandisha sauti. "Na wewe unajua nilivyojua? Siku moja nilikuwa nimekaa na mama yangu, namwonyesha programu hii mpya watu wanaisifu. Akautazama mkono wa shati kwenye kioo cha simu, akaniambia, huu ni wangu. Nikacheka. Akasema, nisomee imeandikwa ya nani. Nikamsomea. 'Hakimiliki ya kazi hii ni ya mama yangu mzazi, fundi wa nguo. Yeye ndiye mwenyewe.' Nikamsomea na majina matatu." Akaegemea meza. "Hakula siku mbili. Umewahi kumwona mama yako hali siku mbili? Ndiyo, nimelifuta lile jina. Nilifuta jina la mwizi, na ningelifuta tena."

"Mistari niliandika mimi!" Machachari alipiga kelele, na machozi ya hasira yakamtoka, akachukia kwamba yanamtoka. "Hata kama mkato ni wa mama yako, mistari ni yangu! Miaka mitatu! Ungekuja ukagonga mlango, ukasema. Badala yake ukaiba, ukaiuza, ukaapa uongo, halafu unajiita mtoto mwema?"

"Ukagonga mlango," Tabasamu alirudia. "Mama yangu amegonga miaka ishirini na tisa. Mwulize mama yako barua ngapi zilirudi hazijafunguliwa."

Machachari alimgeukia mama yake. Mama yake alitazama meza.

"Kaeni chini nyote!" Sauti ndogo ya msuluhishi ilikuwa imekua. "Sikilizeni. Mimi hapa naangalia kazi ni ya nani, ya familia mtamalizana huko kwenu. Bwana mkurugenzi, una ushahidi kwamba mama yako ndiye mtunzi wa mkato huu?"

"Ninaye yeye mwenyewe. Yuko chini, ndani ya gari. Vikao vyote vitatu alikuwa chini." Akamtazama Mama Fundi. "Nilimwambia apande, akakataa. Anasema hapandi ngazi hizi mpaka aliyemkana amtaje kwa jina lake, kwa mdomo wake."

Msuluhishi akavuta karatasi yake ya amri, akaibana kwa kiganja.

"Mama Fundi, nisikilize vizuri, maana leo umetaka kusomewa neno kwa neno. Ukisaini fomu hii, nafunga shauri, programu inabaki kwenu. Usiposaini, na ukamwita huyo mtu, naandika kwamba sehemu yako ina mwenyewe, na mwenyewe hakuwapa ruhusa. Mkato inafungwa kwa watu wote leo jioni, ya kwenu na ya kampuni, mpaka mwenyewe aseme. Na mimi sijui atasema nini."

"Atasema hapana," Machachari alinong'ona. Alimshika mama yake mkono. "Mama, tafadhali. Tutamtafuta kesho, mimi na wewe, kwa miguu yetu. Tutamwomba radhi. Lakini leo saini. Fikiria mafundi wote wale. Nifikirie mimi. Saini, Mama, nakuomba."

Mama Fundi aliutoa mkono wake taratibu, kidole kwa kidole.

"Miaka ishirini na tisa nimekuwa nikisema kesho," alisema.

"Mama, usimwite!"

Lakini Mama Fundi alikuwa ameshaufikia mlango. Akaufungua mwenyewe, akatoka kwenye ujia, akashika reli ya ngazi kwa mikono miwili, akainama. Na kwa sauti ambayo binti yake hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya msichana anayemwita mwenzake arudi nyumbani, aliita kuelekea chini jina la mwanamke ambalo halijatamkwa nyumbani kwao hata siku moja.

Akaliita mara ya pili.

Huko chini, mlango wa gari ukafunguka.